Usingizi Katika Kiti cha Kinyozi

Jina la Mama Wodi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa, maana maisha yake yote ya kazi yaliishia katika wodi ya wanaume, akipiga deki, akibadilisha mashuka, akimwaga vyombo ambavyo wengine hata kuvitazama hawataki. Hakuwa muuguzi, na aliyemwita muuguzi alisahihishwa hapo hapo. "Mimi mhudumu," alikuwa akisema, kama mtu anayetaja cheo. Mgonjwa aliyelazwa pale kwa muda alijua kwamba daktari ana dawa na muuguzi ana sindano, lakini wa kukuwekea mto ukatulia shingoni ni Mama Wodi peke yake.

Basi mwanamke huyo, ambaye safari zake zote ndefu zilikuwa za msibani, akajikuta siku moja ni abiria katika meli ya watalii. Usidhani alishinda bahati nasibu. Mwanawe wa pekee alikuwa mwoka mikate humo melini, na kampuni yao ilikuwa na utaratibu wa kumruhusu mfanyakazi wa siku nyingi amlete mzazi wake kwa safari moja, endapo kutabaki chumba kitupu. Mwaka huo kilibaki, na mama akatumiwa tiketi.

Mtaani walisema anakwenda kutanua. Shoga yake wa miaka mingi, fundi cherehani, alimshonea gauni jipya la maua kisha akampa sharti. "Usinirudie hapa mikono mitupu. Hayo maporomoko ya maji anayoyasifia mwanao kwenye simu, nataka picha yake, na wewe umesimama mbele, umecheka. Na usicheke kile kicheko chako cha wodini."

"Kikoje?"

"Cha kumwambia mtu atapona na wewe unajua haponi."

Mama Wodi alicheka na kuahidi picha. Lakini safari hiyo alikuwa na shughuli yake nyingine, na hakumwambia mtu.

Ilianza siku ya kumuaga kazini. Alipewa nafasi ya kusema neno, naye hakuzoea kusema mbele za watu, kwa hiyo alishukuru tu. Alimshukuru matroni. Aliwashukuru wahudumu wenzake, akamshukuru mlinzi wa getini aliyekuwa akimtunzia mwavuli. Watu wakapiga makofi, wakampa blanketi na saa ya ukutani. Alipofika nyumbani alikaa kitandani kuvua viatu, akainua macho, akaona kizingiti cha mlango wake. Mkono ukabaki na kiatu. Alikuwa amemshukuru hadi mlinzi wa mwavuli, na yule aliyekuwa akikaa pale kizingitini hakumtaja.

Baba mtoto alipofariki, Mama Wodi aliomba zamu za usiku, kwa sababu ndizo zisizogombewa. Alirudi asubuhi, akampa mtoto chai, akajitupa kitandani katika chumba chao kimoja. Mtoto alikuwa hajaanza hata shule. Hakuna aliyemwagiza chochote, lakini kila mama yake alipolala, alitoka akaketi kizingitini na kidole mdomoni. Muuza mkaa mwenye sauti ya tarumbeta alikuwa akikimbiliwa mpaka kona ya njia na kuombwa apite kimya, na alipita kimya. Mwenye nyumba, mtu ambaye hata askari hakumtisha, alikuja siku moja kugonga, akaambiwa, "Mama amelala. Njoo akiamka." Akageuka na fimbo yake akaenda zake.

Siku moja Mama Wodi alilala kupita kiasi, akaamka jua linakwenda kuzama. Chakula cha mtoto kilikuwa mezani, kimefunikwa vilevile, na mtoto yuko kizingitini, midomo imemkauka kwa njaa. Alipomuuliza kwa nini hakuingia kula, alisema, "Mlango unalia. Ungeamka."

Kesho yake alitia mafuta bawaba za mlango. Ndiyo shukrani pekee aliyowahi kuitoa. Wazazi wetu ndivyo walivyotulea, na sisi tumeendeleza: mtoto anashukuriwa kwa kupewa nyama kubwa, hashukuriwi kwa mdomo. Kwenye simu nako asingeweza. Mazungumzo yao ya simu yalikuwa yale yale. Umekula? Nimekula. Unalala? Nalala. Haya, jitunze. Kisha mtandao unakata. Kwa hiyo alipopata tiketi alijiapiza kwamba neno "asante" atamwambia mwanawe ana kwa ana, akiwa amemtazama, hata kama ulimi utamkauka.

Melini mambo hayakwenda alivyopanga. Mwanawe alioka usiku kucha huko chini tumboni mwa meli, akalala mchana, na mama akawa anamwona kwa kuviziana tu, kwenye ngazi, dakika chache, kijana amejaa unga mpaka nyusi. Zaidi ya hapo alikutana naye kwenye mikate. Kila asubuhi aliuchukua mkate, akaugeuza chini juu kuukagua kama fundi anayekagua mshono, akaula wote, na kusema moyoni kwamba huyu mtoto anajua kazi.

Na chumbani alikaribia kumharibia mtu kazi bila kujua. Kila alipoamka alitandika kitanda mwenyewe, shuka limekunjwa pembeni kihospitali, likakaza kama ngozi ya ngoma. Alisugua bafu, akakunja taulo, akafuta kioo. Kijana wa usafi akija anakuta hakuna cha kufanya. Mwisho akashindwa kuvumilia, akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mama, nakuomba. Msimamizi ameniuliza kwa nini natumia sabuni kidogo. Ukitandika wewe, mimi nitaonekana sina kazi."

"Lakini baba, kitanda nimekilalia mimi."

"Ndiyo, mama, lakini kukitandika nimeajiriwa mimi."

Aliona aibu ya kweli, akaahidi kujizuia. Mkono haukumsikiliza. Kesho yake alitandika tena, akakumbuka, akakivuruga makusudi kabla kijana hajaingia.

Siku waliyokuwa na miadi ilikuwa moja tu: siku ya mwisho, meli itakapotia nanga katika bandari ya nchi ya joto. Mwanawe alikuwa ameomba ruhusa ya mchana huo tangu zamani. Kesho yake safari ya Mama Wodi ingekwisha, ashuke, apande ndege, arudi kwenye ukimya wake. Kwa hiyo kama neno lake halikusemwa siku hiyo, basi tena.

Walishuka pamoja asubuhi, yeye na gauni lake la maua, kijana na shati jeupe. Nje ya geti la bandari joto liliwapokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko. Lami ilikuwa laini chini ya viatu. Abiria wengine walitawanyika na kofia zao, huku madereva wakiwagombania. Aliyewapata mama na mwana alikuwa mzee mwembamba mwenye teksi iliyofuliwa viti, ambaye wenzake walimwita Waziri, kwa sababu neno lolote ukimwambia alijibu, "Tutalishughulikia."

"Maporomokoni, mzee wangu," kijana alisema. "Na tuwahi kurudi. Sisi wafanyakazi tunatakiwa ndani kabla ya abiria. Nikichelewa, sina kazi."

"Tutalishughulikia."

Mama Wodi alikuwa akimtazama mwanawe pembeni. Macho yalikuwa mekundu. Ukimuuliza kitu, jibu lilifika limechelewa, kama limepanda ngazi. Alikuwa ametoka kucheka peke yake kwa jambo ambalo halikuchekesha. Mtu aliyekesha na watu waliokesha nusu ya umri wake hahitaji kuambiwa.

"Umelala wewe?"

"Nimelala, mama."

Uongo huo alikuwa anaufahamu vizuri. Ndio aliokuwa akimpa matroni kila alipochukua zamu ya ziada. Kijana alikuwa ametoka kwenye tanuri, ameoga, amevaa shati, amekuja. Lakini mama angemwambia nini? Arudi akalale, siku yenyewe ni moja? Alipanda teksi, na neno lake likabaki kifuani.

Hawajafika mbali, kijana alijipapasa kidevu. "Waziri, simama kidogo kwa kinyozi. Siwezi kupiga picha na mama yangu nikiwa na ndevu za wiki."

Kinyozi alikuwa na kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya bluu, feni moja, kioo kilichopasuka pembeni, redio, na kiti kimoja tu. Lakini kiti chenyewe kilikuwa kiti hasa, cha ngozi, cha kulalia, ambacho kinyozi alikisifia kabla hata hajasalimiwa. Alikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimlaza kijana, akamwuliza habari za meli, akajijibu, akaeleza ugonjwa wa mguu wa shemeji yake, akamfunika uso kwa taulo ya maji ya moto ili ndevu zilainike. Aliendelea na shemeji yake mpaka alipoinua taulo.

"Bwana mdogo?"

Bwana mdogo alikuwa ameondoka. Mdomo wazi kidogo, mikono imelegea, kifua kinapanda na kushuka taratibu.

"Kalala," kinyozi alisema, kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kukatizwa hadithi namna hiyo. Akanyoosha mkono amtikise bega.

Mkono wa Mama Wodi ulimwahi. Alimshika kinyozi kifundo cha mkono, na kwa sauti ile ya wodini, ambayo haipazwi lakini inasikika mpaka kitanda cha mwisho, akasema, "Mwache."

"Lakini mama yangu, kiti ni hiki kimoja."

"Naona. Mwache kidogo tu. Ametoka zamu ya usiku."

Kinyozi alimtazama mama, akamtazama kijana. Kisha akazima redio. Hilo Mama Wodi hakulisahau: hakuombwa, alizima mwenyewe.

"Kidogo" ikapita, na kijana hajageuka hata ubavu. Waziri alichungulia kukumbusha kwamba maporomoko yako mbali. Mama Wodi alitoka naye kivulini. Sitasema uongo kwamba hakuona uchungu. Alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya siku hii moja, na siku yenyewe ilikuwa inakoroma ndani. Maporomoko hayakumuuma sana, ingawa akilini alimwona fundi cherehani amekunja mikono. Lililomuuma lilikuwa lile neno. Akimwamsha sasa, wana njia nzima ya kuongea garini. Akimwacha, huenda wasiongee kabisa. Alirudi mpaka kwenye kiti, akainama, akauona ule uso, na unga mkavu uliosahaulika nyuma ya sikio. Akaona kwamba kumtoa mtu huyu usingizini ili aambiwe asante ni kichekesho.

"Waziri," alisema, "maporomoko tumeyaacha. Nenda utafute abiria wengine, kisha uje utuchukue mapema turudi melini."

Waziri alivua kofia, akajikuna. "Abiria wenyewe leo wameshapata magari. Nitakaa hapa hapa."

Sasa wateja walianza kuja. Wa kwanza alikuwa mwalimu, alitaka kunyolewa haraka. Alipoonyeshwa aliyelala, na mama yake aliyesimama karibu na gazeti mkononi akimpepea pale feni isipofika, aliuliza kwa kunong'ona, "Mgonjwa?"

"Mwoka mikate," kinyozi alinong'ona.

Mwalimu akaona hilo linajitosheleza. Wakatoa benchi nje, chini ya turubai. Lakini waya wa mashine haukufika nje, na hata ungefika, mashine ile ilikuwa ikinguruma kama pikipiki. Kinyozi alipekua droo mpaka chini kabisa, akatoka na mkasi ambao alikuwa hajaushika tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Mwalimu aliondoka na upande mmoja umeuzidi mwingine. Alijitazama kwenye kioo cha teksi ya Waziri, akakohoa, akasema wanafunzi wake watacheka, wakichoka wataacha.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Watu walikuja, wakaoneshwa kidole mdomoni, wakainama chini ya turubai wakakatwa nywele vibaya, kwa kunong'ona. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Mama Wodi hakuweza kukaa akitazama tu: alifagia nywele, akafua taulo za kinyozi, akazianika, akazikunja kihospitali mpaka kinyozi akaogopa kuzitumia. Katikati alirudi kumpepea mwanawe. Shingo ya kijana ilipoanza kulala upande, alikunja taulo moja, akaipenyeza chini bila kumgusa nywele, ikatulia. Mwanamke wa duka la pili, ambaye hakumjua wala hakuambiwa jina lake, alimletea kiti cha plastiki na maji ya baridi. Alitaka kuwashukuru wote, akashindwa aanzie wapi.

"Mama," Waziri alimwita kwa sauti ya chini, akiwa na simu mkononi. "Geuka kidogo." Akampiga picha, akamtumia kwenye simu yake.

Kinyozi ndiye aliyeteseka zaidi. Maneno yalimjaa, akawa anatoka kwenda kuyamwaga barabarani kisha anarudi. "Mama yangu," alisema mara moja, "hii ni mara yangu ya kwanza kufanya kazi kimya. Nimegundua mguu unaniuma. Siku zote kumbe ulikuwa unaniuma, sikuusikia."

Alasiri Waziri alisimama mlangoni, akagusa saa yake. Mama Wodi hakumshika mwanawe bega, maana aliyelala sana ukimshika bega anaruka. Alikwenda upande wa miguu, akamshika kidole gumba juu ya kiatu, akakibana polepole, akaachia, akabana tena.

Kijana alifungua macho. Alitazama feni, kinyozi, kisha mlangoni, akaona kivuli cha turubai kimeshahama upande wa pili. Akakaa ghafla.

"Maporomoko?"

"Yapo. Hayakwenda popote."

"Mama, nimelala siku nzima!" Alishusha miguu sakafuni. "Siku yako yote. Umekaa hapa, kwenye joto hili, kwenye kibanda cha mtu. Kwa nini hukuniamsha?"

"Wewe uliniamsha lini?"

Kijana alijilaza tena kitini. Kinyozi, ambaye hakuelewa kitu, alichukua wembe. Alimnyoa zile ndevu kwa mwendo wa kasi, na mama alipofungua mkoba wa kumlipa akatikisa kichwa. "Taulo zangu hazijawahi kuwa safi hivi. Nendeni, mtaachwa."

Garini walikaa nyuma, wote wawili. Waziri aliendesha kama mtu aliyeapishwa. Mama Wodi aliona bandari inakaribia, bomba la meli limeshachomoza juu ya mabati, akajua akingoja geti amekwisha. Alimgeukia mwanawe.

"Baba, mimi nilikuja na neno. Ulipokuwa mdogo ulikaa pale mlangoni ukanilindia usingizi. Ulishinda na njaa kwa sababu mlango unalia. Mimi nilitia mafuta, sikusema kitu. Sasa nasema. Asante."

Kijana aliangalia mikono yake. Mwishowe alisema, "Sikuwa nakulindia kwa ajili yako, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yangu. Ukienda kazini nilikuwa sijui uko wapi. Ukiwa umelala, nilijua uko nyumbani. Nilikuwa sitaki uamke, kwa sababu ukiamka utavaa viatu."

Mama Wodi alisogea karibu naye. Mchana kutwa, alipokuwa akipepea, alikuwa akijilaumu kidogo kwa furaha aliyokuwa nayo, mtu mzima, umevuka bahari kuja kufurahia mtu anayekoroma. Sasa alijua ilikotoka. Alimfuta mwanawe unga nyuma ya sikio kwa kidole gumba, na kijana akaacha afutwe, ingawa Waziri alikuwa anaona kwenye kioo.

Getini njia ziligawanyika, wafanyakazi huku, abiria kule. Kijana aliwahi. Alimpungia kutoka upande wake, akaingia kwenda kukanda unga. Mama Wodi alibaki akimshukuru Waziri mpaka Waziri akasema basi, tutalishughulikia. Asubuhi yake, kabla ya kushuka, alikula mkate wa mwanawe wote, hakuacha hata ukoko, kisha akakiacha kitanda bila kutandika, shuka limeburutwa mpaka sakafuni, ili kijana wa ndoo apate kazi ya kutosha.

Nyumbani fundi cherehani alikuwa anamsubiri mlangoni, hajamruhusu hata kutua mizigo. "Lete picha."

Mama Wodi alimpa simu. Fundi akaisogeza mbali, akaileta karibu. Aliona kibanda cha bluu, kijana amelala kwenye kiti na mdomo wazi, na shoga yake pembeni kwenye kiti cha plastiki, gauni la maua limelowa jasho mgongoni, gazeti mkononi. Kicheko alichokuwa nacho usoni fundi alikuwa hajawahi kukiona.

"Na maporomoko?"

"Sikuyaona."

"Umevuka bahari yote ile, ukashuka, usiyaone?"

"Ningeyaonaje?" Mama Wodi alivuka kizingiti, akaketi kitandani, akaanza kuvua viatu. "Siku hiyo nilikuwa zamu."